Kwa Nini Hatukunyamaza: Kanisa la Rwanda na Swali la 1994



Kuna swali ambalo Mkristo wa Rwanda huulizwa chuoni, kazini, hata ndani ya basi: "Ninyi mlikuwa karibu asilimia 90 ya nchi. Mbona mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalitokea? Basi huo Ukristo wenu ni kitu gani?" Wengine wanamalizia kabisa: dini ilikuwa nguo tu, ndani hamna kitu.

Tuanze na lililo kweli, maana anayetetea imani kwa kuficha habari anaiharibu mwenyewe. Sensa ya 1991 ilionyesha kwamba karibu watu 9 kati ya 10 walijiita Wakristo. Watu walikimbilia makanisa ya Ntarama na Nyamata, wakauawa humo humo. Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana wa Mugonero alihukumiwa na mahakama ya Arusha mwaka 2003. Padri Athanase Seromba wa Nyange, ambaye kanisa lake liliangushwa kwa tingatinga likiwa na watu ndani, alipewa kifungo cha maisha mwaka 2008. Na sisi walokole tusiseme hayo ni ya madhehebu mengine. Hakuna dhehebu kubwa lililotoka na mikono safi.

Sasa kwa nini waumini walisimama kusema? Kwa sababu hadithi ile, japo ina ukweli, iliacha watu nje.

Iliacha nje Israel Havugimana, kiongozi wa African Enterprise hapa nchini, mhubiri wa upatanisho. Alikuwa Mhutu, na wauaji walimfikia Kigali tarehe 7 Aprili 1994, siku ya kwanza kabisa. Iliacha nje Félicité Niyitegeka wa Gisenyi, Mkatoliki, naye Mhutu. Aliwaficha Watutsi na kuwasaidia kuvuka mpaka kwenda Goma. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alimtaka ajiokoe. Akakataa kuwaacha watu wake, akauawa pamoja nao. Leo taifa linamhesabu kati ya mashujaa wa daraja la Imena. Ndugu wa Goma, mpaka mnaovuka kuja kusali nasi ndio ule aliowavusha watu.

Mwaka 1995, makaburi yakiwa bado mabichi, Antoine Rutayisire, ambaye baba yake aliuawa yeye akiwa mtoto, alitoa kitabu cha shuhuda za Wakristo wa namna hiyo. Desemba 1996, Wakristo Wahutu, Watutsi na Wazungu walikutana Detmold, Ujerumani, wakaungama kila kundi upande wake. Ushuhuda na toba vilikwenda pamoja. Maaskofu Wakatoliki waliomba msamaha Novemba 2016, na Papa Fransisko akafanya hivyo mbele ya Rais Kagame Machi 2017.

Mtu atasema: hao mashujaa walikuwa wachache. Kweli, walikuwa wachache, na hawafuti deni la wengine. Tena Waislamu wengi nao waliwaficha majirani zao. Tuwape heshima yao. Lakini sensa huhesabu majina, haihesabu utii. Anayesema imani haikufanya kitu anawanyamazisha mara ya pili wale waliokufa kwa sababu ya kuitii. Na anayesema kanisa halikukosa anawanyamazisha waliouawa madhabahuni. Sisi hatuna ruhusa ya kusema lolote kati ya hayo mawili.

Wapendwa, anayetuuliza pengine amezika familia nzima. Usimrukie na mistari. Msikilize kwanza, ungama lililo la kuungama, kisha mwambie habari za Félicité na Israel. Petro alituagiza tuwe tayari kujibu, tena kwa upole (1 Petro 3:15). Vijana wetu wataulizwa swali hili hili. Wafundisheni historia yote, na ile chungu pia.