"Get": neno la herufi tatu linalowasumbua wengi, na vile "kupata" inasaidia kulielewa

Tangu Kongo ilipokuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwezi wa saba 2022, Kiingereza si somo la mtihani tu kwa wakaaji wa Bukavu. Ukivuka Ruzizi kwenda Kamembe, unakikuta kwenye mabango na karatasi, maana Rwanda iliamua tangu 2008 kufundisha shuleni kwa lugha hiyo. Mchuuzi, mwanafunzi anayeenda kusoma Kampala, ndugu anayehojiwa kambini Nakivale, wote watakutana na kitenzi kimoja kila siku: "get".

Ni neno la zamani. Lilifika Uingereza na mabaharia wa Skandinavia, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na mpaka leo ni kati ya maneno yanayotumika sana kwa Kiingereza cha kusema.

Kwetu shida inaanza darasani, juu Kiingereza tunafundishwa kupitia Kifaransa. Mwalimu anaandika "get" ubaoni, na pembeni anaandika "obtenir". Kesho yake mwanafunzi anasoma "I get tired", na "obtenir" haimsaidii kitu. Anapewa "devenir". Kisha "I get home", anapewa "arriver". Kisha "I get you", anapewa "comprendre". Mwisho wa mwezi ana rundo la vitenzi vya Kifaransa kwa neno moja dogo, na anasema Kiingereza ni kigumu.

Lakini lugha tunayosema nyumbani iko karibu zaidi. Tunasema kupata kazi, kupata barua, kupata malaria, kupata nafasi. Kote humo Mwingereza anaweka "get". Msikilizaji akipiga simu studio, neno lake la kwanza ni "Munanipata?" Anataka kujua kama tunamsikia, na kama tunamwelewa. Mwingereza naye anauliza "Do you get me?" Hata "nilipata kumuona" inakwenda sawa: "I got to see him". Kifaransa hakina kitenzi kimoja cha kubeba mambo hayo yote.

Pahali "kupata" inaishia, Kiswahili kinabadilisha mwisho wa kitenzi. "Get broken" ni kuvunjika. "Get rich" ni kutajirika. "Get arrested" ni kukamatwa. "Get tired" ni kuchoka tu. Yaani kazi ambayo Mwingereza anaifanya kwa neno "get", sisi mara nyingi tunaifanya kwa silabi ya mwisho. Na "get married" ni kwa mwanaume na mwanamke pia, haitenganishi kuoa na kuolewa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo linaweza kumharibia mtu maisha. Kwa Kiswahili chetu, kupata ni pia kukuta. Mtu anasema: "Nilifika nyumbani, nikapata ndugu yangu ameuawa." Akigeuza neno kwa neno mbele ya anayemhoji, atasema: "I got my brother killed." Kwa masikio ya Mwingereza, sentensi hiyo ina maana nyingine kabisa: mimi ndiye niliyemponza ndugu yangu, kifo chake kilitokea kwa sababu yangu. Shahidi amegeuka mkosaji, na yeye mwenyewe hajui. Alichopaswa kusema ni "I found my brother killed". Kama hakuwepo na anataka tu kusema ndugu yake aliuawa, ni "my brother was killed" ao "my brother got killed". Angalia vile maneno yale yale, yakibadilisha nafasi, yanabadilisha mwenye kosa.

"They got him" nayo ni ya kuogopa. Inaweza kuwa walimkamata, inaweza kuwa walimuua. Katika filamu haina shida, picha inaonyesha. Katika ushuhuda ulioandikwa, hakuna picha. Kwa hiyo mbele ya polisi, daktari ao mtu anayeandika faili ya ukimbizi, acha "get" pembeni na utumie kitenzi chenye maana moja: "arrested", "killed", "found", "received". Na kama Kiingereza chako bado kinatafuta njia, omba mkalimani. Kuomba mkalimani si aibu, hata wanaosema Kiingereza vizuri sokoni wanafanya hivyo. Omba pia usomewe yaliyoandikwa kabla hujatia sahihi.

Mambo mengine ni mepesi. Taksi unaingia, basi "get in". Basi, moto na mashua kubwa ya kwenda Goma unapanda: "get on". Kushuka kwenye basi ni "get off", kutoka ndani ya taksi ni "get out". "I got lost" ni nimepotea njia, haina ubaya. Lakini mtu akikuambia usoni "Get lost!", anakufukuza.

"I've got" haihitaji maelezo marefu: ni "niko na". "I've got two children", niko na watoto wawili.

Kwa barua ya kuomba kazi, "get" inaonekana nyepesi sana, kama kuvaa kandambili ofisini. Pale Waingereza wenyewe wanachagua maneno mazito, na mengi waliyatoa kwa Wafaransa tangu zamani: "obtain", "receive". Andika "I obtained my State Diploma", taja na mwaka. Hapo "obtenir" ya mwalimu inarudi kazini.