Mashine ya Sataranji na Mpaka wa Akili Mnemba

Mwaka 1914, mjini Paris, mhandisi wa Kihispania aitwaye Leonardo Torres Quevedo aliwadhihirishia watu mashine iliyocheza sataranji yenyewe. Na ajabu yake ilikuwa kubwa zaidi kwa kuwa ile mashuhuri iliyoitangulia, aliyoiunda Wolfgang von Kempelen na kuionyesha huko Vienna mwaka 1770, ilikuwa hadaa tupu, mchezaji stadi akijificha ndani ya sanduku.

Ya Torres haikuficha mtu. Ilishika shaha mweupe na ngome, mpinzani akawa na shaha mweusi peke yake. Kila alipomsogeza, mikondo ya umeme iliiarifu mashine yuko nyumba ipi, nayo ikajibu kwa kanuni chache zilizopangwa tangu awali, hata shaha yule akose pa kwenda. Aliyecheza kinyume cha sheria aliwashiwa taa, na akikosea mara ya tatu mashine hukataa kuendelea. Haikushika njia fupi kila mara, ila ushindi haukuikosa.

Katika insha aliyoitoa mwaka huohuo, Torres alishikilia kwamba mtambo waweza kupambanua hali iliyo mbele yake na kuchagua tendo liwafikianalo nayo. Jina la akili mnemba lilikuwa halijakuwapo bado. Lilizuka mwaka 1955, John McCarthy na wenzake walipoomba fedha za mkutano wa Dartmouth, na katika zama hizo sataranji ilihesabiwa miongoni mwa vipimo vikuu vya akili. Kumbe Mei 1997, Deep Blue ya IBM ilipomshinda bingwa Garry Kasparov mjini New York, ikipima nafasi kiasi cha milioni 200 kwa sekunde, wengi walisema hiyo si akili bali ni hesabu za kasi.

Hiyo naiona dhuluma, kwani mizani haibadilishwi baada ya mzigo kupimwa. Mpaka ustahiliao ni ule wa Torres: mtambo upambanue, kisha uchague. Atakayepinga atasema kwamba kwa kauli hiyo hata pasi ijizimayo ipatapo moto imo; lakini pasi hutazama jambo moja tu na kujibu kwa jambo moja, ilhali mashine ile ililazimika kulinganisha mahali pa kete tatu, zikihama kila zamu, ndipo ichague ipi kati ya kete zake mbili iende na iende wapi. Pasi imebaki nje. Mashine ya Torres, kwa udogo wake wote, imo.