Ridhaa ya mtumiaji katika mafunzo ya akili unde

Ridhaa ya mtumiaji katika mafunzo ya akili unde ni idhini ambayo mteja humpa mwenye huduma ya intaneti ili maandishi, picha, sauti au taarifa zake nyingine zitumike kufundishia programu za akili unde (huitwa pia akili mnemba au akili bandia). Ubishi mkubwa katika suala hili ni juu ya nani achukue hatua ya kwanza. Katika utaratibu wa kujiunga, taarifa haziguswi mpaka mteja aseme ndiyo. Katika utaratibu wa kujiondoa, swichi hukutwa imeshawashwa, na asiyetaka ndiye anayepaswa kuitafuta na kuizima.

Nguvu ya chaguo-msingi

Hali ambayo mteja huikuta imeshawekwa huitwa chaguo-msingi. Watu wengi hawaibadilishi kamwe. Mfano maarufu hautoki kwenye kompyuta: mwaka 2003 Eric Johnson na Daniel Goldstein walilinganisha katika jarida la Science idhini za kutoa viungo vya mwili baada ya kifo. Nchini Ujerumani, ambako mtu alipaswa kujiandikisha, waliokubali walikuwa asilimia 12. Nchini Austria, ambako aliyekataa ndiye aliyejiandikisha, walipita asilimia 99. Nchi hizo ni jirani na zinatumia lugha moja. Ni vigumu kuamini kwamba mioyo ya watu wake inatofautiana kiasi hicho.

Kwa akili unde jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu mafunzo hayarudishwi nyuma kwa urahisi. Modeli haihifadhi barua ya mteja kama faili kabatini. Inachokipata kutoka kwake huenea katika mabilioni ya namba. Kufuta barua ya asili hakuondoi kilichokwisha kufundishwa. Kwa hiyo anayezima swichi baada ya miezi sita kwa kawaida huzuia matumizi ya baadaye tu.

Kesi ya Everalbum

Kampuni ya Everalbum ya California ilikuwa na programu ya kuhifadhi picha iliyoitwa Ever. Mwaka 2017 iliongeza huduma ya kutambua nyuso, ikiwa imewashwa kwa wote. Mwaka 2018 ilianza kuomba idhini, lakini kwa wakazi wa Illinois, Texas, Washington na Umoja wa Ulaya pekee, yaani mahali ambapo sheria ilikuwa kali. Wengine waliambiwa kwamba huduma haifanyi kazi bila wao kuiwasha, ilhali ilikuwa inafanya kazi. Baadhi ya picha zilitumika kutengeneza teknolojia ya kutambua nyuso iliyouzwa kwa makampuni mengine. Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliiamuru kampuni kufuta picha husika pamoja na modeli zilizotokana nazo. Amri ya kufuta modeli yenyewe ilikuwa nadra, na hadi leo hutajwa mara kwa mara na wanasheria.

Sheria

Kanuni ya Jumla ya Ulinzi wa Data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inasema kuwa ukimya si ridhaa. Tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua katika kesi ya Planet49 kwamba kisanduku kilichotiwa alama tayari hakihesabiki kuwa idhini.

Hata hivyo kanuni hiyohiyo inatambua misingi mingine ya kutumia taarifa, ukiwemo ule wa maslahi halali ya kampuni. Hapo ndipo mlango ulipo. Meta ilitegemea msingi huo mwaka 2024 ilipotangaza kutumia maandishi ya wazi ya Facebook na Instagram. Baada ya malalamiko katika nchi 11 na ombi la mamlaka ya Ireland ilisimamisha mpango, kisha ikauanza Mei 2025, baada ya mahakama ya Köln kukataa kuuzuia. Wakazi wa Ulaya walipewa fomu ya kukataa. Waaustralia hawakupewa, jambo ambalo kampuni ilikiri mbele ya Seneti yao Septemba 2024.

Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtwika mtumiaji wa taarifa mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Nani anayeridhia

Makampuni mengi ya akili unde huwaondoa wateja wa kibiashara katika mafunzo tangu mwanzo, huku swichi ya mtu binafsi ikiwa imewashwa. Mwenye mwanasheria wa kusoma mkataba ndiye anayelindwa bila kuomba.

Mahali pa kazi pana utata wake. Mei 2024 watumiaji wa Slack waligundua kwamba anayetaka kujiondoa alipaswa kuandika barua pepe, na aliyeruhusiwa kuiandika ni msimamizi wa kampuni yake. Slack ilieleza kuwa taarifa hizo zilitumika kwa mambo kama mapendekezo ya utafutaji, wala si kwa modeli kubwa za lugha. Mfanyakazi wa kawaida, ambaye ndiye aliyeandika ujumbe, hakuwa na swichi yoyote. Vivyo hivyo mtu anayemweleza roboti wa maongezi juu ya ugonjwa wa mama yake huidhinisha taarifa za mtu ambaye hakuulizwa.