Miaka 150 ya Johns Hopkins: Chuo Kilichotanguliza Wasomi Kabla ya Majengo

Masomo ya uzamivu nchini Marekani hayakuanzia Baltimore. Yale kilitoa shahada tatu za kwanza za uzamivu mwaka 1861, na Harvard kikafungua idara yake ya wahitimu mwaka 1872. Hata hivyo, chuo cha kwanza nchini humo kuasisiwa kwa nia ya kuwahudumia hasa wanafunzi waliokwisha kupata shahada ni Johns Hopkins. Februari 22, 2026 ndiyo siku kilipotimiza miaka 150 tangu kusimikwa kwa mkuu wake wa kwanza, Daniel Coit Gilman. Kabla ya chuo hicho kuanzishwa, Mmarekani aliyetaka kubobea katika kemia au lugha za kale alipanda meli kwenda Göttingen, Leipzig au Berlin.

Fedha zilitoka kwa mfanyabiashara wa Baltimore aliyekipa chuo jina lake. Johns Hopkins, muumini wa madhehebu ya Quaker ambaye hakuoa wala kuacha mtoto, alifariki Desemba 24, 1873. Aliacha dola milioni 7 zigawanywe nusu kwa nusu kati ya chuo kikuu na hospitali. Marekani haikuwa imewahi kuona wasia mkubwa namna hiyo kwa kazi ya hisani. Fungu la chuo lilikuwa kwa sehemu kubwa hisa za reli ya Baltimore and Ohio, na mwenyewe alikuwa ameagiza kwamba mtaji usiguswe kwa ujenzi: majengo yangojee mapato ya kila mwaka. Wadhamini waliomba ushauri kwa wakuu wa Harvard, Cornell na Michigan. Wote watatu walimtaja Gilman, aliyekuwa wakati huo akiongoza Chuo Kikuu cha California.

Mwanahistoria Hugh Hawkins, ambaye kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu miaka ya mwanzo ya chuo hicho bado ndicho kinachotegemewa zaidi, anaeleza kwamba Gilman alilichukua agizo la kutogusa mtaji akaligeuza kuwa sera. Mwaka 1875 alizunguka Ulaya kutafuta walimu na vifaa vya maabara, na chuo kilipofunguliwa kilianzia katika nyumba mbili za kawaida mtaa wa Howard, katikati ya mji. Wenyeji walioota minara na viwanja vya nyasi walinung'unika. Chuo kilikuja kuhamia eneo lake la sasa la Homewood wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Gilman akiwa ameshafariki.

Walimu wa kwanza walikuwa wachache, na kila mmoja alichaguliwa kwa utafiti wake. Basil Gildersleeve wa Kigiriki na Ira Remsen wa kemia walikuwa wamepata uzamivu wao Göttingen. Henry Rowland wa fizikia alikuwa kijana ambaye hajafika miaka 30. Henry Newell Martin wa biolojia alitoka Uingereza, kama alivyotoka huko James Joseph Sylvester wa hisabati, mzee wa miaka 61 aliyeshikilia kwamba mshahara wake wa dola 5,000 kwa mwaka ulipwe kwa dhahabu. Akalipwa. Kisa cha Sylvester kina uzito katika historia hii. Alimaliza masomo Cambridge mwaka 1837 akiwa wa pili katika mtihani wa hisabati, lakini kwa kuwa alikuwa Myahudi na hakukubali kuapa kwa kanuni za Kanisa la Uingereza, alinyimwa shahada. Cambridge kilimpa mwaka 1872.

Jiwe la pili la msingi lilikuwa ufadhili wa wanafunzi. Chuo kilitangaza nafasi 10 za dola 500 kwa mwaka kwa vijana wenye shahada waliotaka kufanya utafiti. Maombi yalikuwa mazuri kiasi kwamba nafasi ziliongezwa hadi 20. Mwanafunzi hakulipwa ili afundishe. Alilipwa ili asome, aandike na aonyeshe matokeo. Kwa mpango huo, mwaka wa kwanza zaidi ya nusu ya wanafunzi wa chuo walikuwa tayari na shahada.

Ufunguzi wenyewe haukupita kimya. Septemba 12, 1876 mhadhara ulitolewa na Thomas Huxley, mwanabiolojia Mwingereza na mtetezi mashuhuri wa nadharia ya Darwin, na hafla haikuanza kwa sala. Wachungaji walikasirika, na barua za malalamiko zikamwandama Gilman kwa miezi. Chuo kilichoanzishwa na Waquaker kikapata sifa ya ukafiri kabla hakijatoa hata shahada moja.

Muundo wa masomo ulifuata mfano wa Kijerumani, lakini kwa ratiba iliyo wazi zaidi. Mwanafunzi alichagua somo moja kuu na masomo mengine ya kusindikiza, akatakiwa asome Kifaransa na Kijerumani, kisha akaandika tasnifu yenye jambo jipya. Badala ya kumeza mihadhara na kuitema kwenye mtihani, alikaa katika semina, meza moja na mwalimu wake, akasoma sehemu ya kazi yake na kukosolewa na wenzake. Semina ya historia ya Herbert Baxter Adams ndiyo iliyovuma zaidi. Humo alipita Woodrow Wilson, aliyepata uzamivu mwaka 1886 na baadaye akawa Rais wa Marekani. Kwa wanasayansi, maabara ilifanya kazi ya semina. Na kwa kuwa utafiti usiochapishwa hauna msomaji, chuo kilianzisha majarida: la hisabati mwaka 1878, la kemia mwaka 1879, la filolojia mwaka 1880. Shahada nne za kwanza za uzamivu zilitolewa mwaka 1878. Mmoja wa waliozipata ni mwanafalsafa Josiah Royce.

Ugomvi mkubwa wa miaka hiyo haukuwa juu ya mitaala. Ulikuwa juu ya nani aruhusiwe kuketi kwenye meza hiyo. Mwaka 1877 aliomba nafasi Martha Carey Thomas, mhitimu wa Cornell na binti wa mmoja wa wadhamini wenyewe. Alikubaliwa kwa sharti la ajabu: angeweza kuelekezwa na walimu na kufanya mitihani, lakini asiingie darasani na wanaume. Alivumilia mwaka mmoja, akajiondoa, akaenda Ulaya na kupata uzamivu wa daraja la juu kabisa Zürich mwaka 1882.

Mwaka uliofuata maombi ya Thomas, 1878, akaja Christine Ladd, mhitimu wa Vassar aliyekuwa akifundisha shule. Sylvester alilitambua jina lake papo hapo, kwani alikuwa amesoma majibu yake ya maswali ya hisabati katika jarida moja la London. Alimtetea mbele ya wadhamini, na mtu aliyewahi kunyimwa shahada kwa sababu ya dini yake hakuhitaji kuelezwa uchungu wa kufungiwa mlango. Wadhamini walikubali nusu nusu: ahudhurie madarasa ya Sylvester tu, bila kulipa ada, na jina lake lisichapishwe kwenye orodha ya wanafunzi, isije ikawa desturi. Alipofaulu vizuri mno, walimruhusu kuhudhuria na masomo mengine na kumlipa fedha za ufadhili. Hawakumpa hadhi iliyoandamana na fedha hizo.

Ladd alisoma mantiki kwa Charles Peirce na kuandika tasnifu juu ya aljebra ya mantiki, iliyoonyesha namna ya kupima uhalali wa hoja zote za silojismo kwa kanuni moja tu. Ilichapishwa mwaka 1883 katika kitabu alichokihariri Peirce, na wanamantiki wakaisifu. Kufikia mwaka 1882 alikuwa ametimiza kila sharti la uzamivu. Shahada hakupewa. Chuo kilikuwa na tasnifu yake, kilikuwa na ushahidi wa walimu wake, na bado hakikuwa na ujasiri. Alisubiri hadi Februari 22, 1926, chuo kilipoadhimisha miaka 50, ndipo akatunukiwa akiwa na umri wa miaka 78.

Kilichofungua mlango mwishowe ni ukata, wala si haki. Reli ya Baltimore and Ohio iliacha kulipa gawio mwishoni mwa miaka ya 1880, na chuo kilichotegemea hisa zake kikajikuta kimekauka. Hospitali ilifunguliwa mwaka 1889, lakini shule ya tiba haikuwa na fedha za kuanzia. Carey Thomas, ambaye sasa alikuwa kiongozi katika Chuo cha Bryn Mawr, na rafiki yake Mary Elizabeth Garrett, binti wa tajiri aliyekuwa rais wa reli hiyohiyo, waliandaa mchango wa wanawake. Garrett alitoa zaidi ya dola 300,000 ili fungu lifike dola 500,000, akaweka masharti: wanawake wapokewe sawa na wanaume, na kila mwanafunzi aingie akiwa na shahada ya kwanza. Wadhamini walikubali. Shule ya tiba ilianza mwaka 1893, na sharti lake la shahada likaja kuwa kawaida ya elimu ya udaktari Marekani nzima. Mwaka huohuo Florence Bascom alipata uzamivu wa jiolojia Johns Hopkins, baada ya kusikiliza mihadhara akiwa nyuma ya pazia lililomtenga na wanaume. Milango ya uzamili na uzamivu ilifunguliwa rasmi kwa wanawake mwaka 1907. Ya shahada ya kwanza, mwaka 1970.

Kufikia mwisho wa karne ya 19 mfano wa Baltimore ulikuwa umeshaenea. Clark kilifunguliwa mwaka 1889 chini ya Stanley Hall, aliyetoka kufundisha Johns Hopkins. Chicago kilifunguliwa mwaka 1892. Vyuo vikongwe navyo vikapanga upya idara zao za wahitimu. Mwaka 1900 vyuo 14 vyenye masomo ya uzamivu viliunda umoja wao, Johns Hopkins kikiwa mwasisi mmojawapo. Ushindani huo ndio uliokipunguzia chuo umaarufu wa upekee. Mkuu wa tatu, Frank Goodnow, alipopendekeza mwaka 1925 kufuta miaka miwili ya mwanzo ya shahada ya kwanza na kubaki na wasomi wa juu pekee, mpango ulifia njiani kwa kukosa fedha na wanafunzi.

Ukuaji wa baadaye ulikuja kwa njia ya shule maalumu: ya afya ya jamii mwaka 1916, kwa fedha za Rockefeller, na ya masomo ya kimataifa mjini Washington, iliyojiunga na chuo mwaka 1950. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Marekani ikawa mlipaji mkuu wa utafiti, na kwa miongo kadhaa sasa hakuna chuo nchini humo kinachotumia fedha nyingi za utafiti kuliko Johns Hopkins.

Afrika Mashariki ilirithi uzamivu kwa mkondo wa Uingereza, ambayo yenyewe ilianzisha shahada hiyo mwaka 1917, kwa sehemu ili kuwavuta Wamarekani waliokuwa wakikimbilia Ujerumani. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mikondo yote miwili ipo: uzamivu wa tasnifu pekee, na ule wenye masomo ya darasani kabla ya tasnifu. Kinachokosekana ni lile jiwe la pili la Gilman, ufadhili wa wanafunzi. Baadhi ya wanafunzi wa ngazi hiyo hujilipia ada na kusoma baada ya kazi, huku mjadala ukiishia kwenye idadi ya vyeti. Kenya iliona hayo mwaka 2019, chuo kimoja cha umma kilipotunuku shahada 118 za uzamivu katika mahafali moja na tume ya vyuo vikuu ikalazimika kuchunguza.

Huko Baltimore kwenyewe, hesabu ya nani analipa haijafungwa. Mwaka 2020 chuo kilitangaza kwamba sensa ya mwaka 1850 ilionyesha watumwa wanne katika nyumba ya mwasisi wake, aliyesifiwa kwa muda mrefu kuwa mpinga utumwa. Mwaka 2024 wanafunzi wa uzamivu walipata mkataba wao wa kwanza wa chama cha wafanyakazi, wenye posho isiyopungua dola 47,000 kwa mwaka. Mwaka 2025 serikali ilisitisha zaidi ya dola milioni 800 za misaada ya kimataifa iliyopitia chuoni, na ajira zaidi ya 2,000 zikafutwa, nyingi zikiwa nje ya Marekani. Katika karne yake ya kwanza Johns Hopkins kiliyumba kwa sababu ya hisa za reli moja. Safari hii kimeyumba kwa sababu ya hazina moja ya serikali.