Nyota Mfu na Mwenziwe

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, setilaiti ndogo ya Marekani ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililosimama baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta miali ya eksirei, ambayo hewa ya dunia huizuia isifike chini.

Mwaka 1971 Uhuru ilidhihirisha kuwa Centaurus X-3 hupiga mithili ya moyo, pigo moja kila sekunde 4.8. Kila baada ya siku 2 na ushei miali ilikatika, kisha ikarejea. Maana yake ilikuwa wazi: kitu kidogo kilizunguka nyota kubwa, na kilipopita nyuma yake kilifichika. Kitu hicho kilikuwa nyota ya nyutroni, yaani kiini kinachosalia nyota nzito inapomaliza kuni za moto wake, ikaporomoka na kulipuka.

Hapo likazuka swali. Nyota mbili zinazozungukana zikipoteza ghafula zaidi ya nusu ya uzito wake wote, aghalabu hutengana. Nyota iliyotangulia kufa ndiyo iliyozaliwa nzito zaidi. Mbona basi mlipuko wake haukuzitenga?

Mwaka 1972 Edward van den Heuvel na John Heise walitoa jibu. Kabla ya kufa, nyota nzito huvimba, na gesi yake humiminikia mwenziwe, hata iliyokuwa nyepesi ikawa nzito, na iliyokuwa nzito ikawa nyepesi. Ilipukapo, kinachopotea ni kidogo, na ujamaa haukatiki. Baadaye deni hulipwa: gesi ya nyota hai huiangukia ile mfu, hupata joto la mamilioni ya digrii, na hung'aa kwa eksirei.

Mwaka uo huo Louise Webster na Paul Murdin nchini Uingereza, na Tom Bolton nchini Kanada, walieleza habari za Cygnus X-1. Hapo nyota kubwa huzungukana, kwa siku 5.6, na mwenzi asiyeonekana, mzito kupita kiasi cha nyota ya nyutroni. Vipimo vya mwaka 2021 vilimpa uzito wa jua 21 hivi. Kiini cha namna hiyo huporomoka hata nuru yenyewe isipate pa kutokea; ndicho shimo jeusi.

Uhuru ilinyamaza mwaka 1973, ikiwa imefunza jambo moja kubwa. Nyota ifayo peke yake huzama gizani, na kuiona ni shida. Bali iliyompa mwenziwe mali yake ingali hai, mwenziwe huitolea ushahidi.