Bendi ya roki bila besi? Uliza ni nani anafanya hiyo kazi

Kuna ubishi hauishagi kati ya wasee wa muziki: bendi ya roki inahitaji mpiga besi kweli, ama huyo ni mtu wa kujaza jukwaa tu? Utani wake mnaujua. Wa gitaa anapata mashabiki, wa dramu anapata makofi, mwimbaji anapata vyote, na wa besi anapata kubeba spika. Na kila mara mtu akitaka kumaliza huo ubishi anataja The Doors na The White Stripes, ati "hao hawakuwa na besi na walitoboa."

Sasa mimi nimekaa na hiyo historia vizuri, na nasema hivi: hao wawili ndio ushahidi mzuri kabisa kwamba besi haitoki. Anayetolewa ni mtu. Kazi yake inabaki palepale, na kuna mwingine anaibeba, mara nyingi bila jina na kwa doo kidogo.

Tuanze mwanzo kabisa. Julai 1954, studio ya Sun, mjini Memphis. Elvis Presley ana miaka 19 na anarekodi "That's All Right". Hesabu wanamuziki waliokuwa kwa hicho chumba: Elvis na gitaa lake, Scotty Moore na gitaa la umeme, Bill Black na besi. Mpiga dramu? Hakuna. Wimbo ambao watu wengi huuhesabu kati ya zile zilizoanzisha roki hauna dramu hata moja, lakini besi iko. Tena ni ile besi ya mbao ya kusimama, ndefu kuliko mwenye kuipiga. Black alikuwa anavuta nyuzi halafu anaziachilia zigonge mbao, anapiga na kiganja katikati, so mtu mmoja akawa besi na dramu kwa wakati mmoja. Kwa hivyo ukiniambia roki inaweza kutoa mtu, nakubali. Wa kwanza kukosekana alikuwa mpiga dramu.

Halafu angalia kilichompata Black. Elvis akawa Elvis. Black na Moore wakabaki wa mshahara: dola 200 kwa wiki wakiwa ziarani, dola 100 wakiwa nyumbani. Mwaka 1957 wote wawili wakaandika barua ya kuacha kazi. Hiyo ni miaka mitatu tu baada ya kile chumba cha Memphis. Kaa na hiyo, tutairudia.

Kifaa chenyewe pia kilikuwa kinabadilika. Shida ya besi ya mbao ni kwamba haiingii kwa gari na ikikaa karibu na gitaa lenye amplifaya haisikiki. Mwaka 1951 Leo Fender, fundi wa California, akatoa besi ya umeme aliyoiita Precision. Jina linatokana na vile vyuma vidogo kwenye shingo: ukiweka kidole kati ya chuma na chuma, noti inatoka sawasawa, huhitaji miaka kumi ya kufundisha sikio. Inabebwa begani kama gitaa. Inasimuliwa kwamba wakati wa kurekodi nyimbo za filamu ya Jailhouse Rock, Black alipambana na besi ya umeme ikamshinda, akaitupa kwa hasira, na Elvis akaiokota akapiga mwenyewe. Unaona vile ilivyo rahisi mtu wa besi kubadilishwa?

Kidogo kuhusu sauti, halafu nawaachilia. Uzi mnene kabisa wa gitaa la kawaida unatetema mara 82 hivi kwa sekunde. Ule wa besi unatetema mara 41, nusu yake. Spika ya simu yako haiwezi kutoa 41 vizuri, ndiyo maana wengi wenu mnaapa hamsikii besi kwenye wimbo. Panda matatu yenye muziki wa maana kisha uniambie hiyo kitu inayokutetemesha kifua kwenye kiti cha nyuma ni nini.

Sasa The Doors. Los Angeles, 1965. Wanne: Jim Morrison anaimba, Robby Krieger gitaa, John Densmore dramu, Ray Manzarek kinanda. Mpiga besi hakuna, na watu wanaishia hapo. Lakini tazama mikono ya Manzarek. Juu ya kinanda chake aliweka kingine kidogo, Fender Rhodes Piano Bass, chenye vibonye 32 tu, na vyote vinatoa sauti nzito ya chini. Mkono wa kulia unapiga kinanda, wa kushoto unapiga besi, usiku mzima, shoo baada ya shoo. Jaribu kupiga meza mdundo mmoja kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiandika jina lako. Huyo jamaa alifanya hiyo kazi miaka. Ile hali ya The Doors ya kuzungukazunguka, kama mtu anaota akiwa macho, inatoka hapo kwa sehemu kubwa: mkono wa kushoto unarudia kitu kimoja bila kuchoka ili wa kulia upate nafasi ya kupotea.

Jukwaani hiyo ilitosha. Studio ikakataa. Kile kinanda kidogo kilikuwa na sauti laini sana, hakina ule mgongo wa uzi ukivutwa. Kwa hivyo kwenye albamu yao ya kwanza, iliyotoka Januari 1967, aliitwa Larry Knechtel, mwanamuziki wa kukodi wa Los Angeles, akaongeza besi kwenye nyimbo kadhaa. "Light My Fire" ni mojawapo. Huo wimbo ulifika namba moja Marekani mwaka huohuo. Jina la Knechtel kwenye jalada? Halikuwekwa. Dunia nzima ikanunua albamu ya bendi isiyo na besi huku ikisikiliza besi.

Na hawakuishia hapo. Albamu ya pili, Doug Lubahn akapiga besi. L.A. Woman ya 1971, ya mwisho Morrison akiwa hai, besi ni ya Jerry Scheff, yuleyule aliyekuwa anampigia Elvis. So mtu akikuletea The Doors kama mfano, muulize anaongelea jukwaa ama rekodi.

The White Stripes ni kesi tofauti kidogo, na wao nawaheshimu kwa sababu hawakuficha mtu. Detroit, 1997, Jack White na Meg White, wawili tu, gitaa na dramu. Ufinyu wenyewe ndio ulikuwa mtindo wao. Halafu 2003 wakatoa "Seven Nation Army". Hata kama hujui bendi, unaujua huo mstari. Mashabiki wa Club Brugge ya Ubelgiji waliubeba wakienda kucheza Milan mwaka huohuo, wa Roma wakauchukua, na Italia ilipobeba Kombe la Dunia 2006 ukawa wimbo wa nchi nzima. Siku hizi ni wa viwanja vyote.

Na kila mtu anadhani ni besi! Si besi. Ni gitaa, limepitishwa kwenye pedali ya mguu inayoshusha kila noti iwe ileile lakini nzito, chini kabisa mahali besi inakaa. Fikiria hiyo. Bendi iliyojulikana kwa kukosa besi ilipotaka wimbo wa kuteka dunia, ilienda kutafuta sauti ya besi kwa nguvu. Jack White mwenyewe alipoanzisha bendi zingine, The Raconteurs na The Dead Weather, alimweka mtu wa besi, Jack Lawrence, kwa zote mbili.

The Black Keys wa Akron, Ohio, walianza wawili vilevile mwaka 2001. Walipoanza kupata ukumbi mkubwa, kutoka ziara za 2010, wakakodi mtu wa besi. Royal Blood wa Uingereza wakageuza meza: besi na dramu, gitaa hakuna, besi inapitishwa kwa amplifaya kadhaa hadi inalia kama gitaa. Albamu yao ya 2014 ilishika namba moja kwao. Sleater-Kinney ndio naona walikaribia kweli kuishi bila hiyo kazi, magitaa mawili yaliyolegezwa nyuzi yakishikana kama watu wanabishana, na hata hapo wamelegeza nyuzi ili washuke chini. Kila mtu anashuka chini. Hakuna anayebaki juu.

Hii si ajabu kwetu. Mpiga nyatiti wa Kiluo ana nyuzi nane, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu anayogonga nayo chombo, njuga mguuni, na bado anaimba. Huyo ni Manzarek bila umeme. Lakini magitaa yalipoingia na benga ikazaliwa, besi ilipewa mtu wake, na si wa kujificha. Weka D.O. Misiani na Shirati Jazz, sikiza vile besi inaongea na gitaa kama shemeji wawili kwenye harusi. Hakuna mzee wa benga utamwambia besi ni ya kujaza jukwaa akuache uondoke salama.

Kwa nini hii maneno inaniuma? Kabla niachane na chuo nilipiga besi miaka miwili kwa bendi ya huko. Shoo ikilipa elfu sita, wa gitaa na mwimbaji wanachukua zao, mimi naambiwa "wewe tutakuona". Na sasa naona bendi changa za Nairobi zinasema laptopu itacheza besi, tugawane watatu badala ya wanne. Sawa, hesabu ni hesabu, maisha ni magumu. Lakini semeni hivyo: tunapunguza mtu kwa sababu ya doo. Msiniambie ati muziki hauhitaji.

Bendi iliyonionyesha hii kitu waziwazi ni Metallica. Septemba 1986 basi lao lilipinduka Sweden usiku na mpiga besi wao, Cliff Burton, akafa akiwa na miaka 24. Wakamleta Jason Newsted. Mwaka 1988 wakatoa ...And Justice for All, na besi ya Newsted karibu haisikiki albamu nzima. Alipiga. Iko kwenye kanda. Fundi aliyechanganya sauti, Steve Thompson, alikuja kusema miaka mingi baadaye kwamba ni mpiga dramu, Lars Ulrich, aliyetaka ishushwe. Watu wengi husema ilikuwa uchungu wa Burton ukimwangukia mgeni, na mimi naona kuna ukweli hapo. Na bado albamu iliuza mamilioni Marekani peke yake. Mtu wa "besi haihitajiki" angefurahi sana.

Lakini isikize. Ni kavu. Magitaa ni makali, dramu zinagonga kama kiberiti, na chini yake hakuna sakafu. Kwenye albamu iliyofuata, 1991, wakamchukua Bob Rock kama mtayarishaji, besi ikarudishwa juu, na hiyo ndiyo ikawa albamu yao iliyouza kuliko zote. Na ile ya 1988? Mashabiki, vijana wa vyumbani kama mimi na wewe wenye kompyuta tu, wamekaa miaka wakiipandisha besi ya Newsted wenyewe na kuiweka mtandaoni. Mwaka 2018 Metallica walitoa albamu hiyo upya, imesafishwa, na maboksi ya zawadi juu. Besi waliiacha palepale ilipokuwa. Tafuta zile za mashabiki, weka iafoni nzuri, uanze na "Blackened".