Tembo wa Karema na Trekta la Mkulima Mdogo

Kabla injini ya dizeli haijabuniwa, Karema ilikwisha kuletewa mtambo wa nguvu kutoka ng'ambo, nao ulikuwa na miguu minne na mkonga. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aligharimia safari ya tembo wanne wa Bara Hindi, walioshushwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, wakiongozwa na Frederick Carter. Walitakiwa wafike Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, ambako Kapteni Cambier alianzisha mwaka ule ule kituo cha Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika. Sababu ya kuchagua tembo haikuwa ya kipuuzi. Ng'ombe na farasi walikuwa wakifa njiani kwa mbung'o, na mizigo yote ilipita vichwani mwa wapagazi. Ilifikiriwa kwamba tembo angeweza kustahimili.

Na kweli, mbung'o hakumshinda tembo. Kilichowamaliza ni mizigo mizito, mwendo mrefu juani, na kuachwa wajitafutie malisho porini ilhali kwao walizoea kulishwa. Baada ya miezi michache alibaki hai mmoja tu, aitwaye Pulmalla, huku Karema. Carter mwenyewe aliuawa mwaka 1880 huko Mpimbwe, akiwa njiani kurudi pwani.

Nilipokuwa chuoni nilipenda kuwauliza walimu wanafunzi: kasoro ya mpango huu ilikuwa wapi? Wengi walijibu kwamba tembo si mnyama wa kazi. Jibu hilo si sahihi, kwani huko Asia amefanya kazi kwa karne nyingi. Kasoro ni kwamba aliyemchagua alipima nguvu zake, wala hakupima sawasawa mambo mawili: atakula nini, na akiugua nani atamtibu. Leo kijana wa Karema anayetaka kununua trekta kuukuu hana budi kuyajibu maswali hayo hayo.

Historia yetu imeyarudia mara nyingi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta yaliyokwisha kutumika, mengi yakiwa masalio ya vita, na hata vifaru vya kijeshi viligeuzwa kuwa matrekta. Visiki vya Kongwa na udongo wake, ambao kiangazi huwa mgumu kama saruji, viliyavunja majembe, na mafundi na spea havikutosha. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, baada ya kumeza kiasi cha pauni milioni 36.

Baada ya Uhuru, kuanzia mwaka 1963, tulijaribu makazi mapya ya vijijini yenye matrekta na mitambo mingi. Mwaka 1966 serikali iliuacha mtindo huo, kwa kuwa gharama zilizidi mavuno. Katika miaka ya 1980 matrekta ya Valmet kutoka Finland yaliunganishwa Kibaha, lakini fedha za kigeni zilikuwa haba, na trekta moja lililokosa pampu liliweza kulala misimu mitatu. Wakati huo huo, Wasukuma waliohamia pande za Mpanda na Rukwa walikuja na ng'ombe na plau, wakalima bila kungoja meli ya spea. Ng'ombe hula majani ya hapa hapa, na plau hunyooshwa na mhunzi wa kijijini.

Sisemi haya kumkatisha tamaa anayetaka trekta. Nchi ya tambarare iliyo karibu na ziwa inafaa kulimwa kwa mashine, na mvua za kwanza hazimngoji mwenye jembe la mkono. Nasema tu kwamba achague kwa kuyajibu yale maswali mawili.

Kwa shamba dogo, matrekta ya zamani yanayostahili kufikiriwa ni ya ukoo wa Ferguson. Harry Ferguson, mtu wa Ireland, aliunganisha jembe na trekta kwa mikono mitatu inayoinuliwa kwa haidroliki. Jembe linapokabwa na udongo, uzito wake huhamia kwenye magurudumu ya nyuma, hivyo trekta jepesi huvuta bila kuteleza ovyo. Trekta lake dogo la kijivu, TE20, lilitengenezwa tangu mwaka 1946 hadi 1956, zaidi ya nusu milioni. Likafuatwa na Massey Ferguson 35, kisha 135, lililoanza kutengenezwa mwaka 1964. Hili la mwisho lina injini ya Perkins ya silinda tatu, yenye nguvu za farasi 45 hivi, na uzito wa kama tani moja na nusu. Ford 3000 ya miaka hiyo hiyo hailipungukii kwa nguvu.

Mimi naliweka 135 mbele kwa sababu moja: ukoo wa injini yake haukufa. Pakistan na India ziliendelea kutengeneza matrekta yenye injini za aina hiyo muda mrefu baada ya Uingereza kuliacha lenyewe, na kwa hiyo pistoni, nozeli na gasketi hupatikana, na mafundi wengi walijifunzia juu yake. Kutoka Karema hadi Mpanda mjini ni zaidi ya kilomita 100. Trekta la chapa ngeni, hata likiwa na nguvu maradufu, litakungojesha kifaa hadi msimu upite.

Ukienda kulikagua, usidanganywe na rangi mpya. Litake liwashwe likiwa baridi. Moshi wa buluu usiokwisha huonyesha kwamba injini inakula oili. Fungua kifuniko cha oili: ukiona rangi ya maziwa, maji yameingia ndani. Inua jembe, zima injini, na uone kama litabaki juu au litashuka upesi. Likishuka, haidroliki imechoka. Panda kilima kwa kila gia, maana gia inayoruka yenyewe ni ugonjwa wa gharama. Tazama matairi ya nyuma, kwani bei yake humshangaza kila mgeni wa biashara hii. Kisha linganisha namba zilizogongwa kwenye chuma na zile za kadi. Kama shamba lina visiki, chukua plau la sahani, kwa kuwa sahani huviringika juu ya mzizi pale ambapo jembe la ncha hunasa na kuvunjika.

Hesabu ndiyo ya mwisho, nayo ndiyo ngumu. Nimewaona wastaafu wenzangu wakimaliza kiinua mgongo chote kwenye trekta, wakabaki bila senti ya dizeli wala klachi. Mwenye ekari kumi, kwa trekta linalolima ekari tano kwa siku, atalima kwa siku mbili, na kuvunja madongoa kwa siku mbili nyingine. Trekta limefanya kazi siku nne, na siku zilizosalia za mwaka limesimama chini ya mwembe. Kwa hiyo halitajilipa kwa shamba lako peke yake. Litajilipa kwa kulimia majirani, na zaidi kwa tela, kwa kusomba mpunga, mchanga, matofali na kuni. Asiye na fedha ya tela, wala ya kuweka akiba kama theluthi ya bei kwa matengenezo, hajawa tayari kununua.

Huyo namshauri alime kwa ng'ombe, au akodi kwa ekari, au achangie na wenzake wanne kwa mkataba ulioandikwa, unaotaja nani analimiwa kwanza mvua ikianza. Heri plau la ng'ombe linalotembea Novemba kuliko trekta linalongoja spea hadi Februari. Asiye na haraka ataendelea kuweka fedha, na trekta atalipata msimu mwingine; lakini kiinua mgongo hulipwa mara moja tu.